Teke Nililomsingizia Kabula

Uvimbe ulikuwepo kabla ya teke. Nauandika mstari huu kwanza ili usinitoroke tena, maana umenitoroka kwa zaidi ya mwaka. Ulikuwepo kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani, mdogo kama punje ya hindi bichi. Niliugusa kwa vidole vyangu mwenyewe bafuni, asubuhi, sabuni mkononi, wiki sita kabla Kabula hajanyanyua mguu wake. Kila aliyeniuliza nilimwambia ulianza siku ya teke. Nilimwambia mume wangu, dada zangu wa Bukoba, padre, na nesi wa kwanza aliyenifungulia faili. Uongo huo niliusema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Naandika sasa kwa kuwa yale mabaya zaidi yamepita, na kwa kuwa najua kuna mwanamke mahali fulani ambaye leo asubuhi alikuwa na sabuni mkononi, na sasa anatafuta wa kumsingizia.

Kwanza nieleze nilivyofika kwenye mateke. Nina miaka hamsini na moja. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa kuandika makala, nakaa kusahihisha kazi za wanafunzi wa chuo, nakaa kwenye vikao vya kupanga vikao vingine. Miaka minne iliyopita daktari wa presha aliniambia nitembee, nikatembea. Lakini mtaani kwetu Mkuyuni mwanamke mnene akienda haraka barabarani bila kikapu wala mwavuli, watu wanaingiwa na huruma. "Mama, kuna msiba?" Bodaboda walisimama kunipa pole. Jirani mmoja alimpigia mume wangu kumuuliza kama tumegombana. Baada ya wiki mbili niliona afya yangu inaharibu amani ya mtaa, nikaacha.

Ndipo nilipoona tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa parokia: taekwondo, mazoezi ya Kikorea ya kujikinga na kuimarisha mwili, rika zote. Neno "rika zote" nililisoma mara mbili, halafu nikaangalia nyuma kama kuna anayenitazama.

Mwalimu alikuwa Deus, mchana fundi wa mafriji, jioni mwalimu wa mateke. Hakucheka aliponiona. Alinipa nguo nyeupe ambayo mshono wake ulilalamika mara moja, akaniambia, "Karibu, mama. Hapa tunaanza kwa kuinama." Kabla ya kupambana mnainamiana. Mkimaliza mnainamiana tena. Kuhusu kuinama kule kwa pili alikuwa na kauli yake, na aliirudia hadi watoto wakawa wanaisema naye: "Kilichotokea kwenye mkeka kinabaki kwenye mkeka. Ukiinama kuondoka, umesamehe, na umesamehewa. Usibebe kitu kwenda nacho nyumbani."

Nilijifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kikorea kabla sijaweza kufikisha goti kiunoni. Hana, dul, set, net, dasot. Nilipata mkanda wa njano, kisha wa kijani. Presha ilishuka. Nilianza kupanda ngazi za chuo bila kusimama katikati na kujifanya nasoma matangazo. Kwa kweli nilikuwa na raha, na raha ya mwili ni kitu ambacho wanawake wa rika langu hatukifundishwi kukitaja.

Kabula ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kupambana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, Msukuma wa ng'ambo ya Busisi, aliyelelewa na shangazi yake. Alikuwa akiuza dagaa mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhushia samaki, na alikuja mazoezini amejipaka mafuta ya nazi ili kuficha harufu ambayo haikufichika. Alikuwa na mkanda mwekundu, amebakiza hatua moja kufika mweusi. Alipiga teke kama mtu anayefunga mlango: bila hasira, na mlango unafungika.

"Mama, usinionee huruma," aliniambia siku ya kwanza.

"Nikuonee mimi?"

"Ndiyo. Unarudisha mguu kabla haujafika. Unanipiga kama unabisha hodi."

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi ya sabuni. Ilikuwa mwishoni mwa masika. Niligusa, nikagusa tena, nikajimwagia maji, nikavaa, nikaenda kazini. Nikajiambia ni tezi, nikajiambia ni umri. Mama mkwe wangu alificha uvimbe wake chini ya khanga mpaka harufu ilipomtangaza. Mume wangu, Baba Koku, alimzika akiwa hajamaliza kumlaumu. Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja tu nyumbani kwetu, aliyonisomea mimi na binti yetu: "Hapa haufichwi ugonjwa." Kwa hiyo kila siku niliyokaa kimya iliifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi kusema. Kama una uvimbe, kumbuka hesabu hiyo. Haipungui.

Mwezi wa saba, siku ya kupambana, Mwalimu Deus aligawa kinga za kifua, zile fulana nene zinazofungwa mgongoni kwa kamba. Nilipofungwa ya kwangu ilibana mahali pale pale. Nikaivua.

"Hainienei," nikasema.

"Mama, kuna kubwa," akasema Kabula.

"Hiyo kubwa ni kwa ajili ya wanaume. Twende tu, utanipiga taratibu."

Alisita, akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anamfunga mtu mwingine. Tukainamiana. Raundi ilipokaribia kwisha nilijaribu kuwa hodari, nikasogea mbele badala ya kurudi, na teke lililokuwa linaenda mkononi likaniingia titi la kushoto. Nilikaa chini. Kabula alipiga magoti kando yangu, uso umemshuka, akisema, "Mama samahani, mama samahani." Nilinyanyuka. Tukainamiana kwa mara ya pili, kama inavyotakiwa.

Na mimi nikabeba kitu kwenda nacho nyumbani.

Jioni hiyo titi lilikuwa jeusi kama zambarau. Baba Koku alipoliona, nikamwambia, "Ni teke la Kabula." Hilo lilikuwa kweli. Wiki mbili baadaye weusi ulipoisha nikamwambia, "Lakini limeacha uvimbe." Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na ulizaliwa mzima kabisa, na jina lake tayari.

Hospitali nilikwenda mwezi wa tisa. Sitaeleza vipimo, waliovipitia wanavijua na wasiovijua watavijua wakivihitaji. Nitasema tu kwamba sindano ya kuchukua nyama haiumi kama kusubiri majibu yake. Daktari, dada mpole aliyekuwa na mafua, alinieleza kwamba ni saratani, na kwamba imekutwa pabaya kidogo, si pabaya sana. Nikamsimulia teke. Alifuta pua, akaweka kalamu chini.

"Mama, teke haliwezi kuleta hiki. Labda limekuleta wewe hapa tu."

"Nimeelewa, daktari," nikasema. Na nilikuwa nimeelewa.

Nilipofika nyumbani nilikaa kwenye ngazi ya mlangoni kuvua viatu, nikamwambia mume wangu matokeo.

"Lile teke," akasema.

Nilikuwa na viatu viwili. Nilifungua kamba zake kana kwamba ni viatu kumi.

Matibabu yangu yalianza na vuli. Dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu. Kati ya dawa hizo kuna moja nyekundu kama sharubati ya rozela, na siku ile mkojo wako nao unakuwa mwekundu. Wakikuonya mapema hutapiga kelele chooni kama nilivyopiga mimi. Nywele zangu zilidondoka baada ya dripu ya pili, zikafuatiwa na nyusi, ambazo sikujua nazipenda. Chai ilikuwa na ladha ya misumari. Nilinyonya barafu wakati dawa inaingia ili mdomo usichubuke, na nilihesabu matone kwa Kikorea, hana, dul, set, nikifika kumi narudi mwanzo. Nesi alidhani nasali kwa kilugha.

Pale kwenye benchi la kusubiri nilijifunza kwamba sikuwa peke yangu. Bi Nyamizi wa Ukerewe, aliyekuwa anakuja na mfuko wa machungwa na kutumenyea sote kwa kuwa harufu ya maganda hupunguza kichefuchefu, alisema uvimbe wake ulitokana na mjukuu aliyemgonga kwa kichwa. Mwalimu wa shule kutoka Magu alisema ni kiwiko cha mumewe usingizini. Mwingine alimtaja ng'ombe, kwa jina. Kwenye benchi lile kila titi lilikuwa na mshtakiwa wake. Mimi nilipoulizwa nikasema, "Teke, taekwondo," wakaniheshimu sana. Kesi yangu ndiyo ilikuwa na mshtakiwa wa maana.

Baada ya dripu ya tatu, Jumapili moja mchana, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa Kabula, na shangazi yake, Bi Milembe, mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, na mjomba mmoja aliyebeba kofia mkononi. Walikuwa wamevuka na kivuko kutoka Busisi, na walikuwa na mbuzi jike wa madoa, aliyesimama kwenye baraza yangu akitafuna ua la jirani.

Nilijua wamekuja kufanya nini kabla hawajakaa. Mtoto wa watu akimuumiza mtu, watu wake huja. Hawasubiri kuitwa. Baba Koku alikuwa amemwambia Mwalimu Deus, mwalimu akawaambia wenzake, na habari ilikuwa imevuka ziwa.

Mjomba alizungumza akiwa amesimama. "Mtoto wetu amekuumiza, mama. Hakukusudia, lakini mguu ni wake. Sisi tumekuja kuomba radhi. Tusipoomba, jambo hili litatufuata."

Kabula alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, hajanyanyua uso. Bi Milembe alikuwa anakitazama kichwa changu kisicho na nywele.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja ilitosha, na mimi naishi kwa sentensi. Lakini Baba Koku alikuwa amekaa kando yangu, na midomo yangu ilikuwa na vidonda, na nilikuwa nimechoka, na sababu zote hizi ni za kweli na hakuna hata moja inayotosha. Nikasema, "Nimesamehe." Nikapokea kamba ya mbuzi.

Hapo ndipo Kabula alipolia. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa bado na tumaini kwamba nitakataa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Deus alikuja kunijulia hali, akaniambia Kabula ameacha mazoezi. Ameacha na mwaloni. Amerudi kwa shangazi yake Busisi, anakaanga samaki. "Anasema mguu wake una kitu," alisema mwalimu. "Nimemwambia aache ujinga. Ananijibu, kama hauna kitu, mbona mama alimpokea mbuzi?"

Yule mbuzi hatukumla. Baba Koku alisema mbuzi wa ugonjwa haliwi na mgonjwa, na mimi sikubisha. Alikaa nyuma ya jiko, akanenepa kadiri mimi nilivyokonda. Asubuhi nilipotoka kutapika alikuwa ananitazama kwa yale macho ya mbuzi yaliyolala, kama mkaguzi. Mwezi wa tatu, nikiwa wodini nimeondolewa titi, alizaa mapacha. Baba Koku aliniletea habari hiyo pamoja na uji, akicheka kwa mara ya kwanza tangu vuli. Nami nilicheka, mshono ukaniuma, nikajua naumia mahali pengine pia.

Baada ya upasuaji mkono wa kushoto ulikataa kupanda. Muuguzi wa mazoezi aliniambia nisimame karibu na ukuta, nipandishe vidole kidogo kidogo kama buibui. Nikafanya wiki nzima kwa adabu. Kisha, siku moja ya mvua, nikiwa peke yangu sebuleni, nikasimama kama tulivyofundishwa, nikanyanyua mkono polepole kwa ile kinga ya juu, mkono unaolinda paji la uso. Ulifika kidevuni, ukagoma. Kesho yake ulifika mdomoni. Nilipima uponaji wangu kwa uso wangu: wiki ya pua, wiki ya macho. Mwezi wa mionzi ulipoisha, ngozi ya kifua ikiwa imebabuka kama ya muhogo wa kuchoma, mkono ulifika kwenye paji. Mwili ulikumbuka nilichoufundisha. Ninawaambia wote wanaoniuliza: fanya zoezi lolote unalolipenda ukiwa mzima, maana ukiugua utalikuta limekuwekea akiba.

Lakini kila nilipomaliza niliinama, peke yangu, mbele ya kabati la vyombo, na hapakuwa na mtu wa kuniinamia.

Nilimwambia Baba Koku kwanza. Ilikuwa kiangazi, tunachambua mchele uani.

"Uvimbe niliuona kabla ya teke."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Kabla kwa muda gani?"

"Wiki sita. Na baada ya teke nikakaa tena, miezi miwili."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilisubiri anitajie mama yake. Hakumtaja. Alinyanyuka, akaenda kumkatia mbuzi majani, akakaa huko mpaka majani yakawa ya wiki nzima. Siku tatu tuliongea habari za chumvi na umeme tu. Siku ya nne aliweka kikombe cha chai mbele yangu na kusema, "Mama yangu hakupata nafasi ya kuniambia. Wewe umeipata. Sasa nenda kamwambie yule mtoto."

Nilikwenda Busisi peke yangu. Daraja jipya la kuvuka ziwa lilikuwa limefunguliwa. Safari ambayo wao walikuwa wameisubiri kivukoni na mbuzi miguuni, mimi niliimaliza kabla sijapanga maneno. Banda lao la samaki lilikuwa limehama kivukoni, sasa liko kando ya barabara. Kabula alinipokea kwa kiti. Hakuniamkia.

Nilisema yote. Punje ya hindi, kinga niliyoivua, daktari mwenye mafua, kamba ya mbuzi. Kabula aligeuza sato kwenye mafuta, mmoja baada ya mwingine, na hata mmoja hakuungua.

"Niliacha kupiga teke hata mpira wa watoto," alisema mwishoni, akiwatazama samaki. "Mpira wa makaratasi, mama."

Bi Milembe, aliyekuwa akiparua samaki nyuma yetu, akasimama.

"Tumesikia," akasema. "Jambo hili tulilipeleka kwako kama ukoo. Haliwezi kurudi kwa mtu mmoja kuja kukaa kwenye kiti. Tutakaa. Tutakwambia."

"Lini, shangazi?"

"Tukishakaa."

Nimesubiri majibu mengi katika maisha haya. Yale ya maabara yalichukua wiki mbili. Haya yalichukua tano. Katikati yake hospitali walinipima tena, wakaniambia ni safi, nirudi baada ya miezi mitatu. Nilishukuru, tukala wali na kuku, Koku akapiga simu kutoka Dodoma akilia kwa furaha. Na usiku na mchana sikio langu lilikuwa bado kwenye simu nyingine. Nilirudi mazoezini. Mwalimu Deus alinipanga kupiga mfuko wa mchanga. Hakunipa mwenzangu.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha Alhamisi. Nilikuwa natoa nguo kambani, mapacha wa mbuzi wakinipita miguuni, simu ikaita.

"Mama Koku," ilikuwa sauti ya Bi Milembe. "Tumekaa."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sikiliza. Mbuzi wetu arudi. Alikuja kwako kwa kosa ambalo halikuwepo."

"Atarudi."

"Tumeambiwa amezaa."

"Wawili."

"Warudi wote watatu. Na wewe uje na mbuzi wako wa kuomba radhi. Awe jike, asiwe mzee, asiwe anachechemea. Uje na mume wako, na mtu mmoja wa kwenu wa kusema. Wewe usiseme, ulishasema sana."

"Nitakuja hivyo hivyo, shangazi."

"Haya. Kuna mtu hapa."

Simu ilibadilisha mkono. Nilisikia mafuta yakichemka, lori likipita, kisha pumzi.

"Shikamoo mama."

Nilichelewa kuitikia, maana nilikuwa na nguo mbichi mkononi na sikujua pa kuziweka. "Marahaba, Kabula."

"Mwalimu anasema umerudi."

"Nimerudi. Napigana na mfuko."

"Kinga inakuenea siku hizi?"

"Inanienea. Upande mmoja kuna nafasi imebaki."

Akacheka, cheko fupi ambalo hakutaka litoke, na shangazi yake akauliza huko nyuma kuna nini.

"Basi Jumamosi ya baada ya mbuzi," akasema Kabula. "Utavaa kinga. Na nikikupiga, utasema nimekupiga. Nisipokupiga, usiseme."